Chenga si Wizi



Muhula uliopita niliandika ubaoni sentensi hii: "Mnamo Januari 2011 wananchi walipiga kura." Mwanafunzi mmoja wa nyuma akanyoosha mkono na kuuliza ni timu gani iliyoshinda. Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka, lakini kosa lake halikuwa la kijinga. Kwa Kiarabu, lugha ambayo wengi wenu mmeizoea tangu utotoni, kura ni mpira. Kura ya Kiswahili imetoka katika neno jingine la Kiarabu, lenye maana ya bahati nasibu. Maneno mawili tofauti yameingia katika sikio moja na kukaa pamoja. Nilimjibu kwamba waliotaka uhuru walikuwa asilimia 98.83, kwa hiyo kama ile ilikuwa mechi, basi mabao yalikuwa mengi.

Leo nataka kuzungumza juu ya ile kura yake, ile ya miguu, na hasa juu ya neno chenga. Kamusi zitakuambia kwamba chenga ni vipande vidogo vidogo vya mchele uliovunjika. Ndivyo, na wali wake ni mtamu kuliko watu wanavyodhani. Lakini kuna kitenzi kuchenga, maana yake kumkwepa mtu kwa hila, na hapo ndipo tunapopata usemi wa kupiga chenga. Mpira ukipitishwa kati ya miguu ya beki, amepigwa tobo. Ukirushwa juu ya kichwa chake na kuokotwa nyuma yake, amepigwa kanzu, kana kwamba amevishwa nguo ndefu kutokea kichwani.

Tobo ndilo lililoleta balaa hapa kwetu Hai Amarat.

Jioni moja, katika kiwanja chetu cha vumbi, kijana ninayemfundisha alimpiga tobo kijana aliyemzidi umri na kimo. Watazamaji walicheka, na kicheko kile kilikuwa kirefu mno. Dakika chache baadaye yule mkubwa alimfuata asipokuwa na mpira, akampiga teke la kifundo cha mguu. Ndugu za huyu wakaingia uwanjani, ndugu za yule nao wakaingia, na kabla wazee hawajafika tayari kulikuwa na fimbo mikononi mwa watu. Wewe unayeishi Juba unajua kwamba jambo dogo la jioni laweza kuwa jambo kubwa la usiku. Tunamshukuru Mungu kwamba halikufika huko.

Kesho yake mzee mmoja wa mtaa alinijia. Aliniita ustaz, kama tuitwavyo walimu hapa, akaniambia kwa upole: "Wafundishe watoto hawa kupasiana. Chenga ni uongo wa miguu, na uongo mjini tunao wa kutosha." Mzee huyu si adui wa mpira. Alikuwapo uwanjani Julai 10, 2012, timu ya taifa ilipocheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa hapa Juba na kutoka sare ya 2-2 na Uganda, na hadi leo akiisimulia sauti yake hubadilika. Namheshimu. Hata hivyo nadhani amekosea, na ningependa nikueleze kwa nini.

Kwanza tuitazame chenga yenyewe inavyofanya kazi. Beki anaposimama mbele yako, hana budi kuuweka uzito wake mahali fulani. Wewe unainamisha bega la kushoto, unayapeleka macho kushoto, unapiga hatua fupi ya kushoto. Akikuamini, uzito wake wote unahamia kwenye mguu mmoja, na mguu uliobeba uzito hauwezi kuondoka ardhini papo hapo. Hiyo ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini katika sehemu hiyo yeye ni mti, na wewe unapita kulia. Vijana wengi hujifunza mbwembwe za miguu na kusahau jambo la pili, nalo ni kubadili mwendo. Ukimdanganya beki kisha ukatembea, atageuka na kukukuta palepale. Kaza mwendo mara tu anapoegemea.

Garrincha wa Brazili, bingwa wa dunia mwaka 1958 na 1962, alikuwa na miguu iliyopinda, na aghalabu alipita upande uleule mmoja, kulia. Mabeki walijua. Waliambiwa kabla ya mechi. Walijua, na bado wakapitwa! Johan Cruyff naye, Juni 19, 1974, katika mechi ya Uholanzi na Sweden mjini Dortmund, alijifanya anapiga krosi, kisha akauvuta mpira nyuma ya mguu wake mwenyewe na kuondoka upande wa pili. Mechi ile iliisha 0-0, lakini mgeuko ule bado unafundishwa kwa jina lake. Na kama umewahi kuona jinsi Jay-Jay Okocha wa Nijeria alivyomgaragaza kipa Oliver Kahn mwaka 1993 nchini Ujerumani, mara kulia, mara kushoto, hadi nilipokuwa nikiitazama niliona huruma, basi unajua ninachosema.

Je, huu ni uongo? Mzee anasema ndiyo. Mimi nasema tuisome sheria ya mchezo, kwa sababu sheria hii ina hekima kuliko wengi wetu tunavyoidhania. Inakuruhusu umdanganye mpinzani kwa mwili wako. Lakini ukimvuruga kwa maneno wakati wa mchezo, kwa mfano ukipaza sauti "Niachie!" kana kwamba wewe ni mwenzake, unastahili kadi ya njano. Ukijiangusha ili mwamuzi adhani umechezewa rafu, kadi ya njano tena. Basi sheria imechora mstari. Hila ya mguu mbele ya anayejua kwamba unamwinda ni halali. Hila ya ulimi, au hila dhidi ya yule aliyepewa dhamana ya kuamua, ni haramu.

Mstari huo haukuwahi kuonekana wazi kama Juni 22, 1986, katika uwanja wa Azteca, Mexico. Diego Maradona alifunga bao dhidi ya Uingereza kwa mkono, na mwamuzi kutoka Tunisia hakuuona. Dakika nne baadaye mtu huyohuyo alichukua mpira ndani ya nusu yake ya uwanja, akawachenga Waingereza mmoja baada ya mwingine, kipa akiwa wa mwisho, akafunga. Mabao yote mawili yalihesabiwa sawa, na Argentina ilishinda 2-1. Hata hivyo ukiwauliza watu leo, bao la kwanza wanalibishania, la pili wanalisimulia tu. Waliochengwa katika lile la pili hawana cha kudai. Mpira ulikuwa mbele ya macho yao muda wote.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Katika chenga, mpira hauwi mfukoni mwa mtu. Kila mmoja anauona, mashahidi wamezunguka uwanja, na dakika ijayo aliyechengwa anaweza kuupata na kukuchenga wewe. Linganisha na chenga za mjini. Niliwahi kwenda katika ofisi fulani kutaka mhuri mmoja tu kwenye cheti changu cha stashahada. "Njoo kesho." Nikaja kesho. "Mwenye mhuri amesafiri." Nikaja tena, nikaambiwa faili halionekani. Wiki tatu. Nyumbani nilisema, "Wananipiga chenga," na tangu hapo najutia matumizi hayo ya neno, ingawa Kiswahili kinayaruhusu. Ile haikuwa chenga. Mpira walikuwa wameuficha chini ya meza.

Nawe raia kijana, jifunze kwa beki. Beki mbaya hutazama mabega ya mshambuliaji. Beki mzuri hutazama mpira. Uchaguzi wetu uliotarajiwa Desemba 2024 ulisogezwa hadi Desemba 2026. Juu ya jambo kama hilo utasikia hotuba nyingi, na hotuba ni mabega. Uliza: daftari la wapiga kura liko wapi? Fedha zimetengwa? Katiba imefikia hatua gani? Huo ndio mpira. Ukiulizia mpira hujamtukana mtu.

Sasa niseme la kwangu, maana si haki nihubiri juu ya Maradona nikajiacha mimi. Nilikulia katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na huko ndiko nilikojifunzia Kiswahili hiki. Katika mechi moja nilikimbia ndani ya eneo la hatari, kipa akatoka, mguu wake haukunigusa, nami nikaanguka. Penalti. Tulishinda. Miezi michache baadaye kipa yule alikaa dawati moja nami, na siku moja aliniuliza, bila hasira: "Siku ile, ulianguka au uliangushwa?" Nikajibu, "Niliangushwa." Tazama, mwanafunzi wangu, jinsi mnyambuliko wa kitenzi kimoja unavyoweza kubeba uongo mzima. Tulisoma pamoja miaka miwili na sikuwahi kulirekebisha jibu lile. Sijui yuko wapi sasa.

Kwa hiyo sikuwakataza vijana wa Hai Amarat kupiga chenga. Tatizo la jioni ile halikuwa tobo. Tatizo lilikuwa kijana ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kupigwa tobo. Tunafundisha kutenda na kusahau kutendwa: kuchenga tunakufundisha, kuchengwa tunakuachia uokote mwenyewe. Kifundo kilipopona niliwaita wote wawili, nikamtaka kila mmoja ampite mwenzake mara kumi huku wengine wakitazama, na atakayecheka kupita kiasi aende kuchota maji. Yule mkubwa alipitwa mara saba. Mara ya nane alikaa chini kidogo, akakataa kuegemea, akautazama mpira, akaunyang'anya. Alitabasamu kidogo, kisha akajizuia, kwa sababu ya maji.

Mzee alikuwa amesimama kando ya kiwanja, mikono nyuma. Bado hakubaliani nami, na amesema atanijibu kwa maandishi, jambo ambalo nitalipokea kwa furaha, hata akiandika kwa Kiarabu. Mazoezi yanaendelea kila Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ukija, njoo na pampu, maana mpira wetu unapoteza upepo.