Sahani ya baba haina kosa: Yanayopaswa kujulikana nyumbani kuhusu homa ya ini C

Tuseme ni familia ya Sakina, jijini Arusha. Mama amelazwa Hospitali ya Mount Meru akisubiri upasuaji, na ndugu wanaombwa kuchangia damu. Baba, dereva wa bodaboda mwenye afya yake, anajitolea. Wiki chache baadaye anaitwa kuchukua majibu. Mshauri anamweleza taratibu kuwa damu yake haikutumika, kwa sababu kipimo kimeonyesha dalili ya homa ya ini aina ya C.

Anarudi nyumbani kimya. Jioni hiyo anatenga sahani yake, kikombe chake na kijiko chake. Anaacha kumpakata mtoto wa mwisho. Mkewe akiuliza, anajibu amechoka tu. Mwezi unapita, nyumba nzima inajua kuna jambo, lakini hakuna anayejua ni jambo gani.

Kisa hiki ni cha mfano, ila hofu iliyomo ni ya kweli. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima damu yote inayochangwa ili kubaini Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Kwa hiyo wapo watu wanaolisikia jina la ugonjwa huu kwa mara ya kwanza siku waliyokwenda kumsaidia mwenzao, bila kuwahi kuumwa hata kichwa.

Jibu la kwanza si la mwisho

Kipimo cha awali hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na kirusi. Askari hao hubaki hata kama adui ameshaondoka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kati ya watu 100 walioambukizwa, 15 hadi 45 hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote.

Ndiyo maana kinahitajika kipimo cha pili, kinachotafuta kirusi chenyewe kwenye damu. Kabla ya hapo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba baba huyu ni mgonjwa.

Kosa kubwa ni kuishia kwenye jibu la kwanza. Kwa wale ambao kirusi kimebaki mwilini, ugonjwa hutembea polepole. Kati ya kila 100 kati yao, 15 hadi 30 hupata makovu ya ini ndani ya miaka 20, na baadhi huishia kwenye saratani ya ini. Macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji na kutapika damu ni dalili zinazokuja wakati ini limeshaharibika sana. Pombe, iwe mbege, bia au gongo, huharakisha safari hiyo.

Haipiti kwenye sahani

Homa ya ini C hupita kwa damu. Haiambukizwi kwa kula loshoro chungu kimoja, kunywea kikombe kimoja, kukumbatiana, kubusiana wala kulala chumba kimoja. Mama mwenye kirusi anaweza kunyonyesha, isipokuwa chuchu zikipasuka na kutoa damu, ambapo husitisha kwa muda hadi zipone. Kwa njia ya ngono huambukiza mara chache, hasa pale damu inapohusika.

Mtoto anaweza kukipata kutoka kwa mama wakati wa ujauzito au kujifungua, lakini hilo hutokea kwa watoto wapatao 5 tu kati ya 100 wa akina mama wenye kirusi. Mtoto huyo hupimwa kingamwili akifikisha miezi 18, kwa sababu kabla ya hapo kipimo kinaweza kuonyesha askari wa mama.

Cha kutenga nyumbani, basi, si sahani. Ni wembe, mswaki, kikata kucha na sindano.

Wembe, kimeo na meno ya plastiki

Kwa wazazi wa mjini na wa vijiji vya kuzunguka Mlima Meru, hapa ndipo pa kuangalia zaidi. Wapo bado wanaopeleka watoto wachanga kukatwa kimeo wakikohoa, au kung'olewa kinachoitwa meno ya plastiki wakiharisha. Hakuna ugonjwa unaotibiwa kwa njia hizo. Kinachobaki ni kidonda kinywani mwa mtoto, kilichotokana na kifaa ambacho huenda kilitoka kwa mtoto mwingine dakika chache zilizopita.

Ni vivyo hivyo kwa chale, kutoga masikio na tohara ya kimila pale kisu kimoja kinapotumika kwa vijana kadhaa. Mila inaweza kubaki, na kila kijana akawa na kifaa chake kilichotakaswa. Kwa kinyozi, wembe mpya ufunguliwe mbele ya mteja. Kuufuta wa zamani kwa kitambaa hakuui kirusi.

Somo la Misri na Rwanda

Anayedhani sindano moja kurudiwa ni jambo dogo aitazame Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya huko iliwachoma wananchi sindano za kutibu kichocho. Nia ilikuwa njema, lakini sindano zilirudiwa bila kutakaswa vizuri. Kirusi cha homa ya ini C hakikuwa kimejulikana; kiligunduliwa mwaka 1989. Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani.

Nchi hiyo hiyo ndiyo imeonyesha njia ya kutoka. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 ilipima watu wazima karibu milioni 50, ikapata zaidi ya milioni 2 wenye kingamwili, na waliothibitika kuwa na kirusi wakapewa matibabu. Oktoba 2023, WHO iliitambua kuwa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huu.

Tiba ni vidonge vya kumeza kila siku, kwa kawaida kwa wiki 12, na huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Dawa ya kwanza ya kundi hili ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2013, dozi nzima ilikuwa dola 84,000. Mwaka 2023 yalitangazwa makubaliano ya kuiwezesha nchi kununua tiba ya wiki 12 kwa takriban dola 60.

Karibu zaidi na nyumbani, watafiti mjini Kigali waliwatibu wagonjwa 300 kwa vidonge hivyo, na 261 wakapona. Waliobaki wengi walikuwa na aina ya kirusi inayopatikana zaidi ukanda huu. Walipojaribu mchanganyiko mwingine wa dawa kwa wale ambao tiba ya kwanza ilishindwa, karibu wote walipona. Utafiti wa namna hiyo ni muhimu kwa Afrika Mashariki, kwani dawa iliyojaribiwa Ulaya haikutani na kirusi kile kile hapa.

Chanjo ni ya B, si ya C

Chanjo ambayo watoto hupewa kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14 huwakinga na homa ya ini B, pamoja na dondakoo, pepopunda na kifaduro. Homa ya ini C haina chanjo. Na aliyepona C anaweza kuambukizwa tena.

Mzazi aliyepata jibu kama la baba wa Sakina ana mambo manne ya kuuliza hospitali: kipimo cha kirusi chenyewe kinafanyika wapi, gharama yake na ya dawa ni kiasi gani na bima inalipa nini, ini lake liko katika hali gani, na kama amepimwa homa ya ini B. Hilo la mwisho lisisahaulike, kwa kuwa dawa za C zinaweza kuiamsha B iliyolala.

Kabla ya yote hayo, amweleze mwenzake. Mke wa bodaboda yule naye anahitaji kupimwa, na anahitaji kujua kwa nini mumewe hali tena na watoto. Akishajua, sahani ile inaweza kurudi mezani usiku huo huo.