Kombe la kijiji lianze na kalenda, siyo na ng'ombe

Mavuno yameshaingia ghalani sehemu nyingi za nchi, barabara za vumbi zimekauka na vijana sasa wana nafasi. Huu ndio msimu wa mpira wa mchangani vijijini. Pita kata yoyote utasikia kuna kombe la mbuzi, kata ya jirani wana kombe la ng'ombe, na mbele kidogo kuna kombe la diwani. Ikifika jioni watu wanatoka kila kitongoji kwa miguu, kwa baiskeli na kwa bodaboda wakielekea uwanja wa shule.

Msimu huu tunaupenda, na kwa sababu hiyo tunataka kusema jambo ambalo kamati nyingi za maandalizi hazipendi kuambiwa. Mashindano mengi ya vijijini hayavunjiki kwa kukosa fedha. Yanavunjika kwa sababu yamepangwa kinyumenyume. Kamati inakaa jioni moja, kitu cha kwanza kinachoamuliwa ni zawadi, cha pili ni jina la kombe, cha tatu ni mgeni rasmi. Tarehe, marefa, maji ya kunywa na nani atamshughulikia mchezaji akivunjika mguu, hayo yanaachiwa ile kauli yetu ya 'tutaona hukohuko'.

Na hukohuko ndiko tunakoyaona. Robo fainali moja inachezwa, nyingine inakwama kwa ugomvi wa mamluki. Refa anatimuliwa hadi kwenye shamba la mihogo kwa sababu ya penalti. Bingwa aliyeahidiwa ng'ombe anaambiwa asubiri, anasubiri mpaka mvua zinaanza, mwisho anapewa jezi seti moja na maneno matamu. Mwaka unaofuata timu hazirudi, wazazi wanawazuia watoto, na kijiji kinabaki bila shughuli pekee iliyokuwa ikikusanya watu wote bila kujali dini, kabila wala chama.

Tuanze na kalenda, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Tuseme kata ina timu 16 na uwanja mmoja. Kamati ikitaka makundi manne ya timu nne nne, hatua ya makundi peke yake ina mechi 24. Ongeza robo fainali nne, nusu fainali mbili, mechi ya mshindi wa tatu na fainali, unapata mechi 32. Kwa mechi moja Jumamosi na moja Jumapili, hizo ni wiki 16. Ukianza katikati ya Julai, fainali inaangukia mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Mikoa ya vuli mvua zimeshaanza, na mikoa ya msimu mmoja wa mvua watu wako bize wanaandaa mashamba. Nani atakuja kucheza? Nani atakuja kutazama?

Mtoano wa moja kwa moja una mechi 15 tu, lakini nao una kasoro yake. Nusu ya timu zinaaga baada ya dakika 90, zikiwa zimelipa ada na kusafiri mbali. Ushauri wetu ni njia ya katikati. Chezesheni mtoano, halafu zile timu nane zilizotolewa raundi ya kwanza zicheze kombe lao la faraja, ambalo lina mechi saba. Jumla ni mechi 22, na kila timu inacheza angalau mara mbili. Mkipanga mechi mbili kwa siku, saa 8:00 na saa 10:00, Jumamosi na Jumapili, mnamaliza ndani ya wiki sita. Ukianza Julai unafunga kabla Agosti haijaisha, na kila mtu anarudi shambani kwa wakati.

Sasa pesa. Tuchukue mfano kila timu inatoa ada ya Sh30,000. Timu 16 zinaleta Sh480,000, na hapo ndipo mwenyekiti wa kamati anaanza kumuona ng'ombe. Subiri kwanza. Mechi moja inahitaji refa na washika vibendera wawili. Ukiwapa Sh10,000 kila mmoja, ambayo siyo hela nyingi kwa mtu anayetukanwa dakika 90, kila mechi inakula Sh30,000. Kwa mechi 22 ni Sh660,000. Ina maana ada yote imekwisha na bado kuna pengo la Sh180,000, hapo hujanunua mpira, nyavu, chokaa wala dawa.

Ndiyo sababu tunasema ng'ombe anunuliwe mwisho. Kwanza lipeni gharama za kuchezesha mechi. Pengo lizibwe kwa michango inayoeleweka: wenye maduka na mashine za kusaga, ushuru mdogo wa wanaouza chakula na soda uwanjani, na wakulima wanaoweza kutoa debe la mahindi badala ya fedha. Kitakachobaki ndicho zawadi. Kama kilichobaki ni mbuzi, basi tangazeni mbuzi. Timu inayopewa mbuzi aliyeahidiwa inarudi mwakani. Ile iliyoahidiwa ng'ombe ikapewa maneno hairudi, na kila kijiwe kitasikia sababu.

Tunapendekeza sheria moja rahisi: zawadi ambayo haipo mkononi isitangazwe kwenye spika. Mfadhili anayetaka jina lake lisikike alete mzigo kabla ya timu kupangiwa ratiba. Akiuleta, asifiwe. Asipouleta, mashindano yanaendelea bila yeye.

Hili linatufikisha kwa wageni rasmi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwenye fainali nyingi za vijijini mwenyeji anaumia. Hesabu ni ndogo. Mechi ikianza saa 10:00 jioni, vipindi viwili na mapumziko ya dakika 15 vinakupeleka saa 11:45. Weka dakika za nyongeza na penalti, bado unamaliza kukiwa na mwanga na unagawa zawadi watu wakionana usoni. Mgeni akichelewa kwa saa moja na kamati ikamsubiri, filimbi ya mwisho inapulizwa saa 12:45. Mwezi Julai kule Mtwara jua linakuwa limeshazama muda mrefu. Kigoma bado kuna mwanga kwa sababu huko huzama karibu saa nzima baadaye. Kwa hiyo ratiba inayofaa Kasulu haiwezi kunakiliwa tu Masasi. Lakini popote ulipo, penalti zilizopigwa kwa taa za pikipiki ni ugomvi unaotafutwa, na watoto na kina mama wanaorudi nyumbani gizani kwenye njia yenye bodaboda za kasi ni hatari isiyo na sababu. Mheshimiwa akichelewa, mpira uanze. Atakuta kipindi cha pili na bado atakabidhi kombe.

Suala la usalama lina mambo machache, na mengi hayahitaji bajeti kubwa. Kamba izungushwe uwanja ili watazamaji wasisimame juu ya mstari. Mashimo yafukiwe na mawe yaokotwe asubuhi ya mechi. Magoli yachimbiwe chini yasimame imara, maana goli la kuegeshwa linaweza kumwangukia mtoto anayening'inia. Ndoo za maji safi ya kunywa ziwepo, na vyoo vya shule vifunguliwe, siyo watu waambiwe wakachimbe dawa vichakani. Mhudumu wa zahanati aarifiwe mapema, na pawepo gari au pikipiki ya magurudumu matatu iliyotengwa kabisa, dereva wake anajulikana na mafuta yamo. Mchezaji aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu asirudishwe uwanjani siku hiyo hata kama yeye mwenyewe anang'ang'ania na mashabiki wanamwita. Mtendaji wa kijiji, kituo cha polisi na afisa michezo wa wilaya wapewe ratiba kwa maandishi kabla ya mechi ya kwanza. Maafisa hawa wako kazini kwa ajili ya mambo kama haya, na Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria tangu mwaka 1967 kusimamia michezo nchini, siyo ya mijini peke yake.

Mamluki nao wana dawa. Siyo kelele siku ya mechi, ni orodha. Kila timu ilete majina na picha za wachezaji, mwenyekiti wa kitongoji asaini kwamba anawafahamu, na orodha ifungwe kabla ya timu kupangwa. Kama mnaona ladha inaongezeka kwa kuruhusu wageni wawili kutoka mjini, andikeni hivyo kwenye kanuni na wote wajue. Ugomvi unazaliwa pale kanuni inapokuwa kichwani mwa katibu, anaibadilisha kutegemea nani amefungwa.

Jambo jingine ni kwamba sherehe ya kijiji haiwezi kuwa ya wavulana 22 na mpira mmoja. Mabinti wengi wa vijijini wanakwenda uwanjani kama watazamaji au wauza karanga tu. Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30 na nusu na upana wa mita 15 na robo. Unachorwa kwa majivu pembeni ya uwanja wa mpira, na mechi yenyewe ina dakika 60 tu. Weka netiboli saa 6:00 mchana kabla ya soka. Weka na mbio za asubuhi, ambazo hazidai kiatu cha gharama wala nyavu. Nchi hii isisahau historia yake: John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia, ni mtu wa Mbulu. Alphonce Simbu, aliyetuletea dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025, ni mtoto wa Singida. Hawa hawakuzaliwa kando ya viwanja vya nyasi bandia.

Wapo watakaosema vijijini hakuna uzoefu wa kupanga mambo haya. Si kweli. Pale Bujora, nje kidogo ya Mwanza, Wasukuma hukutana kila mwaka kwenye Bulabo, karibu na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, na wafuasi wa Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Ushindani huo wa makundi mawili ni wa tangu zamani za mababu na bado unajaza watu. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa unafanyika kila Julai, na kila mtu anajua nafasi yake, kuanzia wanaopigana kwa vigomba hadi wanaopika. Shughuli hizi hazikudumu kwa sababu ya mfadhili mmoja. Zimedumu kwa sababu wakati wake unajulikana, taratibu zake zinajulikana, na wenyewe ni wananchi.

Linganisha na kombe lenye jina la mheshimiwa fulani. Mwaka wa kwanza kuna jezi mpya na spika mbili. Mwaka wa pili kuna jezi tu. Mheshimiwa akishindwa uchaguzi, kombe nalo linakwisha, na hata mpira haujulikani uko kwa nani. Hatusemi viongozi wasichangie, wachangie sana. Tunasema kombe libebe jina la kijiji au kata, na mchango wa kiongozi uandikwe kwenye orodha kama wa mwenye duka.

Bahati nzuri chombo cha kusimamia haya kipo tayari. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, unaojumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Huko ndiko kamati ya mashindano inakopaswa kuchaguliwa, iwe na wanawake ndani yake, iwe na mweka hazina ambaye siyo kocha wa timu yoyote. Na mashindano yakiisha, mapato na matumizi yasomwe hukohuko na karatasi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: tulipokea kiasi hiki, marefa walichukua hiki, mipira ilinunuliwa kwa hiki, tumebaki na hiki kwa mwakani. Karatasi hiyo moja itawavuta wafadhili kuliko mabango kumi.

Kwa wale ambao tayari wameshatangaza mashindano ya mwaka huu, hamjachelewa. Kaeni tena wiki hii, andikeni tarehe ya fainali kwanza, kisha rudini nyuma mhesabu mechi, siku na gharama. Mkiona hazitoshi, punguzeni timu au zawadi, siyo marefa wala gari la majeruhi. Na maafisa michezo wa wilaya watoke ofisini wakazikague ratiba hizo sasa, kabla hawajaitwa kwenda kusuluhisha ugomvi.