Damu ya Mzazi Isipimwe kwa Macho

Mwezi Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilibadilisha namba ambayo wakunga na madaktari wameikariri darasani kwa miongo mingi. Tangu zamani, mwanamke aliyejifungua kwa njia ya kawaida alihesabiwa kuwa anavuja damu kupita kiasi pale iliyomtoka ilipofika mililita 500, ujazo wa chupa ndogo ya maji ya kunywa. Mwongozo mpya, uliotolewa pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa wanawake, hausubiri chupa ijae. Damu ikifika mililita 300, na mapigo ya moyo yakaanza kwenda mbio au shinikizo la damu likashuka, matibabu yaanze hapo hapo. Na damu hiyo ipimwe kwa chombo, isikadiriwe.

Mabadiliko haya yanagusa kila nyumba yenye mjamzito. WHO inakadiria kuwa wanawake wapatao 45,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, na mzigo mkubwa uko Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Ushahidi uliosukuma mwongozo huo haukutoka mbali. Sehemu yake ilipatikana katika wodi za wazazi za Tanzania na Kenya. Ndiyo maana swali linalofaa kujadiliwa sasa si kama tunajua la kufanya. Tunajua. Swali ni nani atakayelilipia na kulisimamia, na kwa maoni yangu jibu ni serikali zetu wenyewe, kwa fedha za bajeti, si wafadhili.

Damu hutokaje kwa kasi hivyo?

Mwishoni mwa ujauzito, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mji wa mimba kila dakika ili kumlisha mtoto kupitia kondo la nyuma. Kondo linapobanduka, mishipa iliyokuwa inalilisha hubaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba wenyewe, ambayo hujikaza na kuibana mishipa hiyo pande zote. Misuli ikilegea, damu hutiririka. Hiyo ndiyo sababu kuu ya uvujaji. Nyingine ni kuchanika njia ya uzazi, mabaki ya kondo kubaki ndani, na damu yenyewe kushindwa kuganda. Mwanamke aliyehudhuria kliniki zote na kuambiwa yu salama anaweza kupoteza maisha kwa njia hii ndani ya saa chache.

Ugumu ni kuiona hatari ikija. Damu ya uzazi haituami mahali pamoja. Huingia kwenye shuka na khanga, humwagika sakafuni, huchanganyika na maji ya uzazi. Mkunga, ambaye mara nyingi ana wazazi kadhaa katika zamu moja, hutazama na kukisia, na kisio lake huwa chini ya ukweli, hasa damu inapokuwa nyingi. Nje ya mlango, ndugu nao hutulizana kwamba ni damu chafu, iache itoke. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini muda unakwenda.

Walichokigundua watafiti

Utafiti ulioitwa E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza kwa kushirikiana na WHO na watafiti wa nchi husika, ulifanyika katika hospitali 78 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Ulihusisha wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine.

Hospitali zilizochaguliwa kwa kura kutumia utaratibu mpya zilipewa kifuko cha plastiki kinachowekwa chini ya mzazi mara mtoto anapotoka. Kifuko kina mistari ya vipimo, kwa hiyo mkunga huona kwa hakika damu imefika wapi. Ikivuka mstari wa hatari, hatua tano huchukuliwa kwa mkupuo: kukanda tumbo ili mji wa mimba ujikaze, dawa ya kuukaza kama oksitosini, dawa ya asidi ya tranexamiki inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, dripu ya maji, na uchunguzi wa chanzo cha damu pamoja na kuita msaada. Zamani hatua hizo zilifuatana. Moja ilijaribiwa, ikishindwa ndipo ya pili ikafuata, na katikati ya kusubiriana huko mzazi aliendelea kuvuja.

Tofauti iliyoonekana ni kubwa. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, wahudumu waligundua asilimia 51 tu ya wanawake waliokuwa wanavuja damu kupita kiasi. Penye kifuko chenye vipimo, waligundua asilimia 93. Matibabu kamili yaliwafikia asilimia 19 ya waliohitaji katika kundi la kwanza, na asilimia 91 katika kundi la pili. Kwa maneno mengine, chini ya utaratibu wa kawaida karibu nusu ya wanawake waliokuwa hatarini walikuwa kitandani, mbele ya mhudumu aliyesomea kazi yake, na hatari yao haikutambuliwa.

Asilimia 60 maana yake nini?

Vyombo vya habari vilitangaza kwamba utaratibu huu unapunguza uvujaji mkali kwa asilimia 60. Ni kweli, lakini msomaji ana haki ya kuelezwa namba hiyo imesimama juu ya nini. Watafiti walihesabu kwa pamoja mambo matatu: kupoteza damu ya lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, na kufa kwa kuvuja damu. Penye utaratibu wa kawaida, wanawake 43 katika kila 1,000 walipatwa na mojawapo ya hayo. Penye utaratibu mpya, walikuwa 16. Karibu wote waliohesabiwa waliingia kwa sababu ya kupoteza lita moja ya damu. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache mno kuweza kuthibitisha kwa utafiti huo peke yake kwamba vimepungua. Kwa hiyo mtu asiseme kifuko kimepunguza vifo kwa asilimia 60. Utafiti haukusema hivyo.

Kuna mipaka mingine. Waliojifungua kwa upasuaji hawakuhusishwa, nao pia huvuja damu. Tena hospitali zilizochaguliwa zilikuwa na uwezo wa kufanya upasuaji. Zahanati ya kijijini yenye muuguzi mmoja haikuwa sehemu ya jaribio. Kusema haya si kuudharau utafiti. Anayejua mipaka ya dawa huitumia vizuri kuliko anayeiona kuwa muujiza.

Asidi ya tranexamiki inatoa somo hilo kwa uwazi zaidi. Iligunduliwa Japani miaka ya 1960 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, lakini ilingoja nusu karne kabla ya kupimwa kwa kina kwa wazazi. Utafiti uliotolewa mwaka 2017, uliohusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu baada ya kujifungua hupunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu theluthi moja, bila kuongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Uchambuzi uliofuata ulibaini kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10.

Wengi wakafikiri: kama inaokoa wanaovuja, basi wapewe wote mapema kama kinga. Jaribio likafanywa kwa wanawake wapatao 15,000 wenye upungufu wa damu katika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan, na mwaka 2023 jibu likatoka: haikuzuia uvujaji. Dawa ile ile, lakini wakati tofauti na matokeo tofauti. Hata hivyo jaribio hilo lilifunua jambo zito. Mwanamke mwenye upungufu mkali wa damu alikuwa na uwezekano mara saba zaidi wa kufa au kuponea chupuchupu kuliko mwenye upungufu wa wastani. Vidonge vya kuongeza damu vinavyogawiwa kliniki, ambavyo wengi huviacha kabatini kwa sababu ya kichefuchefu, ni sehemu ya tiba ya siku ya kujifungua.

Pingamizi zenye uzito

Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama nchi zenye uhaba wa kila kitu zianze na kifuko cha plastiki. Tuanze na gharama. Wachumi wa afya walipochambua hesabu za E-MOTIVE walikuta kwamba, ikitazamwa gharama yote ya huduma, utaratibu mpya uliongeza wastani wa senti 30 za dola ya Marekani kwa kila mzazi. Sababu ni kwamba bei ya kifuko hufidiwa kwa sehemu na gharama zinazoepukwa za upasuaji, damu ya kuongezewa na siku za kulazwa. Sioni wizara, halmashauri au kaunti inayoweza kusema kwa uso mkavu kwamba haiwezi kumudu kiasi hicho.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: wahudumu ni wachache. Kifuko hakikandi tumbo wala hakichomi sindano. Anayeleta vifaa bila kuongeza wakunga na kuwapa mazoezi atarudi baada ya mwaka na kuvikuta vimerundikwa stoo. Hapa Tanzania ina ushahidi wake. Mpango wa kuboresha huduma za uzazi ulioendeshwa katika hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa mitano, ukiongozwa na watafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom na washirika wao, uliwapa wakunga mazoezi mafupi ya mara kwa mara hapo hapo kazini, badala ya semina ya hotelini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya wazazi katika vituo hivyo vimeshuka kwa takriban asilimia 75, na vifo vya watoto wachanga navyo vikapungua. Mkunga akipewa nafasi ya kurudia zoezi hadi mkono uzoee, anaokoa.

La tatu ni ubora wa dawa. Oksitosini huhitaji jokofu la nyuzijoto 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku mbili na jokofu halina betri, dawa hupungua nguvu bila mtu kujua. Tangu 2018 kuna ushahidi kwamba dawa ya kabetosini ya aina isiyohitaji jokofu hukinga uvujaji kwa kiwango sawa na oksitosini. Jaribio hilo lilihusisha wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Vituo visivyo na umeme wa uhakika ndivyo vingetangulia kuipata.

Wengine husema fedha ziende kwanza kwenye damu salama na magari ya wagonjwa. Vyote vinahitajika, kwa sababu kuna wazazi ambao hakuna dawa itakayowatosha bila kuongezewa damu. Lakini vitu hivi havishindani. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mzazi aliyegunduliwa katika mililita 300 mara nyingi hatahitaji chupa za damu wala safari ya usiku kwenda hospitali ya rufaa.

Deni liko upande gani?

Kwa miaka mingi tumewahimiza wanawake wasijifungulie nyumbani, na wametii. Nchini Tanzania, waliojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 katika utafiti wa kitaifa wa 2015–16 hadi asilimia 81 mwaka 2022. Kenya ilipanda kutoka asilimia 61 mwaka 2014 hadi 82 mwaka 2022, ikisaidiwa na huduma ya uzazi bila malipo iliyoanzishwa mwaka 2013. Makadirio ya vifo vya wazazi Tanzania nayo yameshuka sana, kutoka 556 hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000. Ni mafanikio ya kujivunia. Lakini yana maana kwamba mzazi anayekufa leo kwa kuvuja damu, uwezekano ni mkubwa amefia katika kituo alichoambiwa kitamwokoa. Yeye ametimiza wajibu wake. Tuliobaki na deni ni sisi wengine.

Deni hilo halilipwi kwa mradi wa wafadhili wenye mwanzo na mwisho. Mwaka 2025 tulishuhudia misaada ya afya ya Marekani ikikatwa ghafla, na huduma zilizoitegemea zikayumba. Kifuko cha kupimia, oksitosini au kabetosini, na asidi ya tranexamiki viingie katika orodha ya manunuzi ya kawaida ya Bohari ya Dawa Tanzania na ya KEMSA, wakala wa dawa wa Kenya, kwa idadi inayolingana na wazazi wanaotarajiwa. Kila kituo kihesabu wazazi waliopimwa damu, kitoe taarifa, na madiwani waulize taarifa hiyo kama wanavyouliza ya madawati na barabara.

Kwa familia, yapo ya kufanya kuanzia leo. Mjamzito apimwe wingi wa damu mapema na ameze vidonge hadi viishe. Akipata kichefuchefu, amweleze muuguzi badala ya kuviacha. Anayemsindikiza asione haya kuuliza: damu yake imepimwa, imefika kiasi gani? Mzazi akiwa nyumbani na damu ikalowesha pedi moja baada ya nyingine, au akahisi kizunguzungu na moyo kwenda mbio, asiambiwe ni damu chafu. Akimbizwe hospitali. Na kila mwenye afya achangie damu kabla hajaombwa na ndugu aliyesimama mlangoni mwa wodi. Hakuna hata moja kati ya haya linalongoja utafiti mwingine.