Tumtazame Mdomoni Kabla ya Kumpanda

Ndugu wananchi, wenye punda na wenye farasi, nanyi mnaowapanda wa kukodi siku za sikukuu, leo nina ombi. Mnyama akianza kurusha kichwa njiani, kupanua mdomo, kutoa ulimi pembeni au kukataa kugeuka upande mmoja, tusikimbilie fimbo. Tushuke, tumtazame mdomoni na chini ya mikanda.

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba punda ni mkaidi na farasi ana wazimu wake. Lakini huyu aliyekwenda vizuri wiki nzima, ukaidi wa leo ameutoa wapi?

Hebu tuanze na mdomo wenyewe. Kati ya meno ya mbele na magego, farasi na punda wana pengo lisilo na meno. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, hukaa hapo, juu ya ulimi na ufizi. Ufizi huo ni mwembamba, na chini yake kuna mfupa wenye ukingo mkali. Bonyeza muundi wa mguu wako kwa ukucha, uone. Kisha fikiria chuma mahali kama hapo, na kijana mzima ameng'ang'ania vigwe kwa sababu anaogopa kuanguka.

Je, ni ajabu akirusha kichwa?

Hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko zote, nayo haigharimu hata senti: mikono yetu. Vigwe ni vya kumpa mnyama ishara, si vya kujishikilia. Anayejifunza afungiwe ukanda mpana shingoni mwa mnyama, aushike huo anapoyumba. Ninyi mnaowapandisha wageni na watoto ufukweni, Diani au kwingineko, mnaweza kufanya hivyo kesho asubuhi. Mtoto ashike ukanda wa shingoni, nawe mwongoze farasi kwa kamba iliyofungwa kwenye hatamu ya kichwani isiyo na chuma. Mtoto atafurahi vilevile, na mdomo utapumzika.

Sasa vipimo. Lijamu fupi hubana na kuchubua pembe za mdomo. Ndefu mno huteleza huku na huku na kugonga. Itokeze kidogo tu kila upande, kama nusu sentimita. Isining'inie ikagonga meno ya mbele, wala isivutwe juu hadi mnyama aonekane anacheka.

Ukanda wa pua nao tuupime kwa vidole viwili, viingie bila kulazimishwa. Pima mbele, juu ya mfupa wa pua, si pembeni kwenye shavu, maana pembeni hata ukanda uliobana huonekana umelegea. Wakubwa wa michezo ya farasi nao wamelivalia njuga jambo hilo: Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilianza mwaka 2025 kutumia kifaa maalumu cha kupimia nafasi hiyo kwenye mashindano yake. Sisi tuna vidole. Tena tukumbuke kwamba farasi hapumui kwa mdomo, hupumua kwa pua peke yake. Ukanda ulioshuka hadi kwenye nyama laini ya pua humnyima hewa pale anapoihitaji zaidi.

Na punda je? Ndugu zangu wa Lamu, kwenu punda ndiye gari la mchanga, saruji na mawe, ndiye pia usafiri wa nyumbani. Kichwa chake si cha farasi. Masikio ni makubwa na kipaji ni kipana, kwa hiyo hatamu iliyokatwa kwa kipimo cha farasi mdogo humbana nyuma ya masikio. Unapomvika, fungua kifungo cha shavuni, upitishe mkanda nyuma ya masikio taratibu, usiyakunje ukayasukuma. Tunapenda kusema shukrani ya punda ni mateke, lakini mimi nashuku mengine huanzia hapo masikioni.

Kuna jambo jingine la punda ambalo hutupoteza. Yeye huficha maumivu. Farasi atapiga kelele za mwili wake wote, mkia ukipigapiga na masikio yamelala nyuma. Punda husimama tu, kimya, kichwa chini, nasi tukadhani ametulia. Ndiyo maana mwenye punda hangoji kuambiwa, humkagua kila siku.

Kama mnamwongoza kwa kamba ya nailoni, itazameni vizuri. Nailoni nyembamba ikilowa jasho na maji ya chumvi hukata ngozi. Huna ukanda wa ngozi? Zungushia kipande cha kanga kuukuu au kikoi kilichochoka pale inapogusa pua na nyuma ya masikio, kisha kifue, kwa sababu kitambaa kilichokauka kwa jasho huchuna nacho. Waya mdomoni tuuache kabisa.

Nanyi mafundi wa viatu na mikoba, msidhani wito huu unawapita. Mkiletewa kazi ya hatamu, pindeni kingo za ngozi ziwe laini, na msiweke kifungo cha chuma juu ya mfupa wa shavu. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na mnyama ataivaa miaka.

Nyumbani, gawaneni majukumu. Mtoto mkubwa aoshe lijamu kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, maana mate na nyasi hukaukia hapo zikawa kama msasa. Asubuhi, mama au baba apitishe kidole pembe za mdomo na nyuma ya masikio. Ukiwa kwenye baridi ya Limuru, pasha chuma moto kidogo mkononi kabla ya kumvika. Mombasa, usikiache juani. Kishike kwanza wewe mwenyewe.

Meno nayo? Kati ya umri wa miaka miwili na nusu hadi mitano farasi hubadilisha meno, na wengine huwa na jino dogo mbele ya magego ambalo chuma huligonga. Magego nayo huota ncha kali zinazochoma shavu na ulimi. Mwiteni daktari wa mifugo aangalie angalau mara moja kwa mwaka. Lamu imekuwa na kituo cha kutibu punda bila malipo tangu mwaka 1987. Mpelekeni mapema, msingoje aache kula.

Na ukikuta kidonda leo? Usimpande. Kisafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kikinge na nzi, umlishe majani laini. Kikiwa kirefu, muone daktari siku hiyohiyo, kwani farasi na punda hushikwa upesi na pepopunda, na ipo chanjo yake. Mwenye kazi naye ampe kijana wake nafasi ya kumpumzisha mnyama bila kumkata ujira. Mzigo wa siku mbili tatu unaweza kugawanywa kwa jirani. Kidonda kikifunga, mvike tena hatamu ukiwa umesimama kando yake, umtembeze kwa miguu kwanza, na siku ya kumpanda uanze na safari fupi.