Embe bichi lenye chumvi lina somo kwa mzazi wa mtoto anayeharisha

Msimu wa maembe ukifika Tabora, watoto hawasubiri yaive. Embe bichi linamenywa, linakatwa vipande, linanyunyiziwa chumvi na pilipili, kisha sahani inawekwa katikati. Baada ya dakika chache kuna maji kwenye sahani ambayo hakuna aliyeyamwaga.

Maji hayo yametoka ndani ya seli za embe. Mwanafunzi anayeandika kwenye daftari la sayansi tofauti kati ya seli ya mmea na seli ya mnyama anaandika habari hiyohiyo, ingawa nyumbani wengi huiona ni ya mtihani tu. Kwa mzazi mwenye mtoto mdogo ina kazi nyingine. Inaeleza kwa nini pakiti ya ORS lazima ichanganywe kwa kipimo, na kwa nini maji matupu hayatoshi mtoto anapoharisha.

Ukuta na utando

Seli hizi mbili zinafanana kwa mengi. Kila moja ina kiini kinachobeba maelekezo ya urithi, ute unaojaza ndani, mitokondria zinazotoa nishati, na utando mwembamba unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke.

Seli ya mmea ina vya ziada. Nje ya utando imezungukwa na ukuta mgumu wa selulosi, aina ya nyuzinyuzi ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzimeng'enya. Ndani ina kifuko kikubwa cha maji kiitwacho vakuoli. Seli za majani zina pia kloroplasti, chembechembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua.

Seli ya mnyama, na ya mwanadamu pia, haina ukuta wala kloroplasti, na vakuoli zake, kama zipo, ni ndogo. Kati yake na maji yaliyo nje kuna utando laini peke yake.

Tofauti hiyo huonekana wazi chumvi inapoingia. Maji hupita kwenye utando kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Ndiyo maana embe lilitoa maji. Kipande kililegea, lakini kilibaki kipande kwa sababu kuta za seli zake hazikuanguka. Mchicha ulionyauka ukiloweshwa kwenye maji safi husimama tena: seli hujaa maji hadi kuusukuma ukuta, na ukuta huzizuia zisipasuke.

Chembe nyekundu ya damu haina kinga hiyo. Ikiwekwa kwenye maji matupu, hujaa mpaka ikapasuka. Ikiwekwa kwenye maji yenye chumvi nyingi, hunywea na kujikunja. Kwa sababu hiyo dripu ya hospitali haiwi maji matupu. Dripu ya kawaida ya chumvi ina gramu 9 za chumvi kwa kila lita, kipimo kinachokaribiana na cha damu.

Misafara ilivyobeba kipindupindu

Miembe mikongwe inayoonekana Tabora, Kwihara na Ujiji ni kumbukumbu ya misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Vitambaa na shanga vilikwenda bara. Pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani walipelekwa pwani. Uvinza, kabla ya kufika Ujiji, watu walichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi iliyouzwa mbali.

Njia hizo zilipitisha ugonjwa pia. Kipindupindu kilichoipiga Unguja mwaka 1869 na 1870 kilifuata misafara hadi bara. Dk James Christie, aliyekuwa daktari Unguja wakati huo, alichapisha kitabu mwaka 1876 kueleza jinsi ugonjwa huo ulivyosafiri kwa njia za biashara.

Sumu ya kipindupindu huzilazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi, na maji hufuata. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Wapagazi walikufa kwa kuishiwa maji katika nchi yenye chumvi ya Uvinza na asali ya Unyamwezi. Wakati huo hakuna aliyejua kuwa chumvi na kitu kitamu, vikichanganywa na maji safi kwa kipimo sahihi, vinaweza kumwokoa mgonjwa.

Ujuzi huo ulikuja karibu miaka 100 baadaye. Watafiti waligundua kuwa kwenye utando wa seli za utumbo kuna mlango unaoingiza sukari na chumvi kwa pamoja, navyo huvuta maji. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtu akiwa na kipindupindu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Dk Dilip Mahalanabis aliutumia ujuzi huo kwa wakimbizi waliokuwa Bangaon, India, ambako dripu zilikuwa hazitoshi. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Kipimo ndicho dawa

Mzazi asome maelekezo ya pakiti kabla ya kuifungua. Pakiti nyingi za ORS ni za lita moja ya maji safi na salama. Asiyekuwa na chombo cha kupimia atumie chupa mbili za maji za nusu lita. Pakiti humiminwa yote kwa mara moja, haigawanywi kwa kukisia.

ORS ikiwekwa kwenye maji kidogo, chumvi huzidi mwilini na seli za ubongo hupoteza maji. Mtoto akipewa maji matupu tu, au ORS iliyozimuliwa mno, chumvi ya mwilini hupungua na seli za ubongo huvimba. Hali zote mbili zinaweza kuleta degedege, kwa sababu seli hizo hazina ukuta wa kuzilinda.

Kila baada ya choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Mwenye miaka miwili hadi kumi apewe mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea polepole kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa 24 umwagwe.

Kituo cha afya hutoa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mtoto avimalize hata kama kuharisha kumekoma.

Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa huchanganywa na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vyote viwe vya kusawazishwa, visijae hadi kuwa na kilima. Asali isitumike badala ya sukari, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa asali kabisa.

Mtoto apelekwe kituo cha afya haraka akiwa na macho yaliyodidimia, amelegea au hataki kuamka, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana damu kwenye choo, amepata degedege, au ngozi ya tumbo ikifinywa inachelewa kurudi. Njiani aendelee kupewa ORS kama anaweza kumeza.

Sahani ya embe ikishaachwa na maji yake, mzazi amwite mwenye daftari aeleze maji yametoka wapi. Akimaliza, apewe zoezi la pili: kupima lita moja kamili kwa chupa mbili za nusu lita. Siku mdogo wake akiharisha, nyumbani patakuwa na mtu wa pili anayejua kipimo.