Gundi Nayo ni Elimu

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na katika insha tunaichomeka hata pale isipohitajika ili mwalimu atuongezee alama. Lakini je, ndugu msomaji, ni nani kati yetu amewahi kuziba ufa kwa mikono yake mwenyewe? Leo nataka kuzungumzia ufa hasa, ufa wa plastiki ndani ya gari, na dharau tuliyo nayo kwa watu wanaouziba.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kengele ya jioni ikilia, wenzangu wengi huelekea uwanjani. Mimi hushika njia ya Kariobangi Light Industries, ambako mjomba wangu ana kibanda cha kutengeneza plastiki za magari. Yeye si fundi wa injini wala wa breki. Kazi yake ni vitu vya ndani: vibao vya milango, vishikio, vipande vya dashibodi. Pesa za ada yangu hutoka katika kibanda hicho. Hata hivyo, nakiri kwa aibu kwamba nilipokuwa kidato cha kwanza niliulizwa darasani mjomba hufanya kazi gani, nikajibu, "Ana biashara." Nilikuwa nimewasikia wavulana wakiwacheka mafundi wa jua kali, eti ni watu walioshindwa na shule, nami nikaogopa kuchekwa. Jibu hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki hadi leo. Ndiyo maana naandika.

Likizo ya Aprili alikuja mzee mmoja na gari ambalo mtaani kwetu ni nadra kuliona. Lilikuwa gari dogo la viti viwili, paa lake ni la turubai na hukunjwa nyuma kama mwavuli. Huko ng'ambo magari ya namna hii yana wapenzi wengi. Moja lililo maarufu sana ni Mazda MX-5, lililoonyeshwa mara ya kwanza mjini Chicago, Marekani, mwaka wa 1989, na kufikia 2016 yalikuwa yametengenezwa milioni moja. Hapa kwetu, ukivunja kitu cha gari kama hilo utazunguka mpaka viatu viishe.

Gari la mzee lilikuwa kuukuu lakini nje liling'aa. Ndani, masikitiko matupu! Kibao cha plastiki kilicho nyuma ya viti, pale paa linapolala likikunjwa, kilikuwa vipande vitatu, na vijino vinavyokishikilia kwenye bodi vilikuwa vimekatika. Mzee alikuwa ametembea Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi twaiita Grogan, duka hadi duka. Spea hakuna. Muuzaji mmoja alimwambia kiagizwe Japani kwa shilingi 36,000, na angoje miezi miwili.

"Kijana wangu," mzee akamwambia mjomba, "hata nimeambiwa nikitupe."

Mjomba alikigeuza huku na huku. "Mzee, hiki bado ni kizima. Kimeachana tu."

Kisha akanigeukia mimi msomi wa familia. "Mpwa wangu, kwa nini plastiki za gari la namna hii huvunjika mapema?" Nikabaki nimeduwaa. Akaeleza kwamba paa likifunguliwa, jua huingia ndani kutwa nzima. Miale ya urujuanimno hukatakata minyororo mirefu ya molekuli inayoifanya plastiki iwe na unyumbufu. Plastiki hukauka ikawa kama ganda la yai. Fundi asiyejua akiidukua kwa bisibisi ili afikie waya zilizo nyuma yake, imekwisha!

Baada ya hapo alikwangua kipande kidogo upande usioonekana, akakitumbukiza katika kikombe cha maji. Kikazama. "Kingeelea, huenda ingekuwa polipropilini, na gundi za kawaida zisingeishika. Sasa tazama kwa nyuma unisomee." Nikatafuta, na kweli, nyuma pamechapwa herufi tatu: ABS. Jamani! Mambo ya kuelea na kuzama tulifunzwa katika fizikia. Nilipata alama nzuri, kisha nikayasahau. Mjomba, aliyeachia masomo darasa la nane, huyatumia kila siku ya Mungu.

Kazi yenyewe niliitazama mwanzo hadi mwisho. Kwenye ncha ya kila ufa alitoboa kitundu kidogo ili ufa usizidi kutambaa. Aliosha kibao kwa sabuni, akakikausha, akachonga mfereji upande wa nyuma kufuata ufa. Vipande vya ABS kutoka kibao kingine kibovu alivitia katika asetoni mpaka vikalainika na kuwa kama uji mzito. Uji huo aliujaza katika mfereji na kuzika humo wavu mwembamba wa waya. Kwa kuwa asetoni huyeyusha ABS, vipande havikubandikwa tu bali viliungana vikawa kitu kimoja. Vijino vilivyokatika alivichonga upya. Akangoja siku mbili pakauke, ndipo akapiga msasa na kupaka rangi. Shughuli hii hufanywa nje penye hewa, mbali na moto, kwa sababu asetoni hushika moto upesi na mvuke wake huumiza kichwa. Malipo yalikuwa shilingi 3,000. Mzee alipopitisha kidole palipokuwa na ufa, hakuupata.

Najua wapo watakaosema kwamba kilichobandikwa hakidumu, na kwamba mafundi wa jua kali hulipua kazi. Wanaolipua wapo, siwatetei. Lakini sikilizeni jambo hili. Mzee alifurahi mno hata akaomba mjomba azibe pia ufa uliokuwa juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa, ule unaofura kumkinga abiria gari likigongana. Mjomba alikataa katakata. Kifuniko hicho kimeundwa kipasuke mahali maalum. Ukikijaza gundi, huenda kikauzuia mfuko au kikarusha vipande usoni mwa mtu. "Hicho tafuta kipya, mzee. Mimi sitakigusa." Siku hiyo alipoteza pesa ambazo nyumbani zilihitajika. Mtu anayejua mpaka wa kazi yake, na anayeulinda hata akiwa na njaa, ameshindwa na shule gani?

Maoni yangu ni haya. Kurekebisha kilichovunjika si dalili ya umaskini. Ni elimu, tena elimu inayofanyiwa mtihani kila siku, kwani kazi ikiwa mbovu mteja hurudi akifoka. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, nia moja ilikuwa kumpa mwanafunzi ujuzi wa mikono. Mwaka wa 1992 serikali ilitoa waraka maalum kuhusu kukuza biashara ndogo na jua kali. Mbona basi sisi, tulio karibu na mkia wa mfumo huo, wengi wetu hatujawahi kushika msasa? Tunajua kuandika neno "polima" bila kosa, lakini kiti kikivunjika twakipiga teke kikatupwe.

Na viti vipo! Nyuma ya jiko la shule yetu nimevihesabu viti vya plastiki vilivyovunjika 23, vimelala mvuani. Vingi nilivyovigeuza vina alama ya PP, yaani polipropilini. Hivyo havitaki gundi. Huunganishwa kwa joto, na vikitiwa waya kwa ndani vitakaliwa tena. Vile ambavyo miguu imekatika kabisa viachwe, mtu asije akaanguka. Kila kiti kipya kinachonunuliwa hutoka katika mfuko wa mzazi, na wazazi wetu twawajua.

Kwa hivyo naomba chama chetu kiufikishie usimamizi wa shule pendekezo hili: Jumamosi moja kila muhula aalikwe fundi. Walimu wa fizikia na kemia wawepo watueleze sababu, fundi atuonyeshe njia, nasi tushike vyombo. Na fundi huyo alipwe, asipewe soda na makofi tu.

Mwenye kuniita "mtoto wa gundi" na aniite. Nimelijibu upya lile swali la kidato cha kwanza, na safari hii nimelijibu kwa maandishi ili nisiweze kulikana: mjomba wangu ni fundi wa plastiki, na gazeti hili likitoka, nakala ya kwanza nitampelekea yeye pale kibandani. Kwa haya machache, naweka kalamu chini.