Wageni wa Jiweni: Somo Lisilomo Katika Andalio

Mkufunzi anapomkagua mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha, hushika andalio la somo mkono mmoja na fomu ya tathmini mkono wa pili. Somo likifuata andalio, alama hupanda, likipinda, hushuka. Sisi tunaofundisha Baiolojia pwani tunauona utaratibu huu kuwa kikwazo, na ushahidi wetu ni tangi la kioo lenye maji ya chumvi.

Tangi hilo huandaliwa kwa somo la samaki na mwani. Lakini jiwe la baharini likishatiwa majini halibaki jiwe tu. Baada ya siku chache hutoka matunduni mwake viumbe ambavyo hakuna aliyevileta kwa kusudi: minyoo yenye vinywele, kaa wadogo kama punje za mahindi, konokono, kamba atoaye mlio kama wa kidole kinachoalikwa, na kiumbe chenye minyiri kifananacho na ua. Mwanafunzi huuliza, "Hiki ni nini?" Mwalimu mwenye haraka hutaja jina, au huagiza kitupwe. Yote mawili huliua swali.

Kwa maoni yetu, jina lije mwisho. Kwanza mwanafunzi aeleze alichokiona. Je, kina miguu yenye viungo? Mwili umegawanyika pingili pingili? Kina gamba? Kimejishikiza au chatembea? Hutoka mchana au usiku? (Usiku tochi ifunikwe kwa karatasi nyekundu ipenyayo nuru, maana viumbe vingi vya baharini havishtushwi sana na rangi hiyo.) Majibu hayo hutosha kumfikisha kwenye kundi: pingili zenye vinywele ubavuni ni za mnyoo wa jamii ya polikaeta, miguu yenye viungo na gamba gumu ni dalili ya krasteshia. Hapo ndipo kifunguliwe kitabu, kama kile cha pwani za Afrika Mashariki kilichohaririwa na Matthew Richmond mwaka 1997. Kikifunguliwa mapema, mwanafunzi hutafuta picha inayofanana, na picha hudanganya.

Utambuzi huu si mchezo. Huko Newquay, Uingereza, mwaka 2009, wafanyakazi wa Blue Reef Aquarium waliona matumbawe yao yamekatwa na samaki wamejeruhiwa, wasimjue mhalifu. Mitego haikufaa kitu. Hatimaye walilifumua tangi jiwe kwa jiwe, wakamkuta mnyoo mwenye urefu wa zaidi ya mita 1.

Ipo pia hasara ya kuhukumu upesi. Minyoo midogo mingi ya vinywele hula mabaki na kulisafisha tangi, ingawa haifai kushikwa kwa mkono mtupu, kwani vinywele huchoma. Ua lile la minyiri, Aiptasia, likikwanguliwa ovyo, kipande kibakicho jiweni huota na kuwa kiumbe kipya. Na konokono mwenye umbo la pia asiguswe kabisa: baadhi ya jamii zake zipatikanazo katika Bahari ya Hindi zimewahi kuua watu kwa sumu. Mwalimu asiyeyajua haya asimpe mtoto jiwe alishike.

Wenzetu hujibu kwamba madarasa yamejaa na vifaa ni haba. Hoja hiyo ina uzito, lakini wanafunzi 40 hawahitaji matangi 40. Bakuli jeupe na lenzi ya mkono kwa kila kikundi vyatosha. Kinachokosekana zaidi ni ruhusa. Tunamkumbuka mwanachuo aliyepunguziwa alama kwa sababu wanafunzi wake walimzunguka mnyoo wakihesabu pingili, badala ya kuchora samaki. Fomu haikuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Tunapendekeza fomu hiyo iongezewe sehemu ya swali lisilotarajiwa na jinsi mwanachuo alivyolipokea. Ama kuhusu mawe, yasichukuliwe katika maeneo yaliyohifadhiwa, kama Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, wala matumbawe hai yasivunjwe. Na viumbe virudishwe ufukoni pale pale vilikotoka, si pengine.